Mfululizo ukipoa katikati: ukaze, uruke, ungoje au uache?

Kitabu cha kumi kilikaa kando ya kitanda changu miezi mitano, tiketi ya basi la Tanga ikiwa imechomekwa ukurasa wa 312. Vitabu tisa vya mwanzo nilivimeza kwa mwaka mmoja na ushei. Vingine nilivisomea kwenye daladala nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Hiki cha kumi nilikuwa nakifungua, nasoma kurasa nne, nakifunga, na kila nikikifunga najisikia kama mtu aliyenuniana na rafiki wa siku nyingi na hajui nani aanze kuomba radhi.

Kitabu chenyewe ni Crossroads of Twilight cha Robert Jordan, kilichotoka Januari 2003 katika mfululizo wa The Wheel of Time. Anayeujua mfululizo huo ameshaelewa. Asiyeujua huenda ana wake uliomfikisha hapohapo: ulianza kwa moto, ukamnyima usingizi, halafu ghafla hadithi ikaanza kuzunguka palepale, wahusika wapya wakamiminika, na yule aliyemfuata tangu sura ya kwanza akawa haonekani kitabu kizima.

Kwa asiyesoma riwaya za fantasia hili ni jambo dogo, kitabu kikikuchosha si unakiweka chini tu? Lakini ukishakaa na watu hawa maelfu ya kurasa, ukajua nani huvuta msuko wa nywele zake akikasirika na nani huota ndoto za mbwamwitu, kuwaacha njiani kunauma. Nimewaona wasomaji wakijilaumu kwamba labda wamezeeka, labda akili imekuwa nzito, kumbe hadithi ndiyo iliyopunguza mwendo.

Kwa aliyekwama, njia ni nne: kukaza mwendo, kuruka, kungoja, na kuacha. Mimi nilipita ya kwanza, dada yangu akapita ya pili, na kwenye mfululizo mwingine sote wawili tuko katika ya tatu mpaka leo. Ya nne nimeipita mara moja na sijutii. Nitataja mambo machache ya vitabu vya kati, ila miisho siigusi.

Kwanza, kwa nini hadithi hupoa

Inasaidia kujua ugonjwa kabla ya kuchagua dawa, kwa sababu kuna mfululizo unaopoa halafu ukapona, na kuna unaopoa ukabaki hivyohivyo.

Jordan alipotoa kitabu cha kwanza mwaka 1990, cha pili kilifuata mwaka uleule. Kufikia 1994 vilikuwa sita. Baada ya hapo nafasi zikaanza kupanuka: 1996, 1998, 2000, 2003. Na ndani ya vitabu mambo yalikwenda vivyo hivyo. Mfululizo mzima una wahusika wenye majina zaidi ya 2,000, na hadithi husimuliwa kupitia macho ya watu wengi waliotawanyika kwenye nchi mbalimbali. Kila mmoja akisogezwa hatua moja, kitabu kimejaa. Mke wa Perrin, mmoja wa wahusika wakuu, anatekwa mwishoni mwa kitabu cha 8, cha mwaka 1998, na mkasa huo unapata ufumbuzi katika kitabu cha 11, cha mwaka 2005. Aliyekuwa akinunua kila kinapotoka alibaki na mateka huyo moyoni miaka saba. Mat naye, ambaye kwa wengi wetu ndiye chumvi ya hadithi yote, anaangukiwa na ukuta mwishoni mwa kitabu cha 7, na kitabu cha 8 hayumo kabisa.

Cha kumi kina tatizo la peke yake. Kitabu cha 9 kinafungwa na tendo la uchawi kubwa kuliko lolote lililotangulia. Unafungua cha 10 ukiwa na pumzi juu juu, unataka kujua dunia imekuwaje baada ya pale. Kitabu hakikupeleki mbele. Kinakurudisha nyuma, kwa watu waliokuwa mbali siku ileile. Wanaihisi nguvu ile, wanageukia upande inakotokea, wanaulizana kuna nini. Wewe msomaji unajua kuna nini, kwa sababu ulikuwepo. Ni kama kusimuliwa goli uliloliona kwa macho yako, na watu sita waliokuwa nje ya uwanja, kila mmoja akianza upya tangu aliposikia kelele.

Kisa cha George R. R. Martin ni tofauti. Vitabu vitatu vya kwanza vya A Song of Ice and Fire vilitoka kati ya 1996 na 2000, vyote vya moto. Kisha alikusudia hadithi iruke miaka mitano ili watoto wakue, akaliacha wazo hilo njiani, na miaka aliyotaka kuiruka ikabidi isimuliwe. Kitabu kikawa kikubwa mno. Akakigawa, na akakigawa kwa mahali badala ya wakati: cha nne kikatoka 2005 bila sura za Jon, Tyrion wala Daenerys, na watatu hao wakarudi katika cha tano, 2011. Cha sita bado tunakisubiri.

Kwa hiyo wasomaji wawili wanaweza kulalamika kwa maneno yaleyale, "hadithi haiendi", na hali zao zikawa hazifanani hata kidogo. Mmoja amekwama katikati ya daraja lililokamilika. Mwingine daraja lake halijafika ng'ambo.

Vigezo ninavyovitumia

Nimeona ni bora kuzipima njia zote nne kwa mambo yaleyale. La kwanza ni muda na fedha. Vitabu hivi ni vinene, na huku kwetu si rahisi kuvipata: unapekua mitumba, unaagiza, au unamwomba ndugu aliyeko Muscat aje nacho kwenye begi, na mara nyingi kinachopatikana ni cha 7 wakati wewe unatafuta cha 4. La pili ni kumbukumbu, yaani ukirudi baadaye utakuwa bado unamkumbuka nani. La tatu ni uzito wa mwisho: ukifika huko, je, utauhisi kama ulivyopaswa kuuhisi, au utausoma kama taarifa tu? La nne ni wenzako, kwa maana ya watu unaosoma nao na hatari ya kusikia siri za hadithi kabla ya wakati.

Juu ya yote hayo kuna swali moja la kuuliza kabla hujafanya lolote: mfululizo umekwisha, au mwandishi bado anaandika?

Kukaza mwendo

Hapa unasoma kila ukurasa, hata ule unaokuchosha, kwa imani kwamba mbele kuna kitu.

*Muda na fedha.* Hii ndiyo njia ghali kuliko zote. Mfululizo wa Jordan una vitabu 14 na kimoja cha utangulizi, jumla ya maneno zaidi ya milioni nne. Cha kumi peke yake kina kurasa zaidi ya 600. Kinachonisaidia kupendekeza njia hii bila woga ni vitabu vya sauti. Wasomaji wake wawili, Michael Kramer na Kate Reading, ni mtu na mkewe. Yeye husoma sura za wahusika wa kiume, mke husoma za kike. Mfululizo mzima unapita saa 400, lakini saa hizo ni za foleni, za kufua, za kupiga pasi. Kurasa ambazo macho yalizikataa, masikio yalizipokea. Kuna sura ndefu za watu wanaokunywa chai na kupima nani atamuunga mkono nani kwenye kiti cha enzi. Kwa karatasi nilizikimbia, kwa sauti nikajikuta nazifuata.

*Kumbukumbu.* Haikupi shida, kwa kuwa hujawahi kutoka ndani ya hadithi.

*Uzito wa mwisho.* Hapa ndipo njia hii inapolipa deni lote. Nitaeleza kwa tukio moja. Perrin, kijana mfua chuma, ameondoka kijijini kwao katika kitabu cha kwanza akiwa na shoka kiunoni, na tangu hapo amebeba swali moja: yeye ni mtu wa shoka au wa nyundo, wa kuua au wa kuunda? Katika kitabu cha 10 anazunguka na kambi yake akimtafuta mke wake, sura kwa sura, theluji na njaa, na hakuna kinachosogea. Hata mimi nilishamchoka. Kisha, sura chache kabla ya kitabu kwisha, anamtendea mateka jambo la kikatili ili amtoe maneno, anajitazama alivyokuwa, na analitupa lile shoka. Analiacha msituni, anaondoka. Usiku nilipofika hapo umeme ulikuwa umekatika, nasoma kwa tochi ya simu, na nilikiweka kitabu kifuani nikabaki nimelala kimya gizani. Uchovu wake ulikuwa umeniingia mimi. Bila zile sura nzito nilizozilalamikia, shoka lile lingekuwa chuma tu.

Sisemi kila ukurasa unaochosha una hazina namna hiyo. Mwingi hauna. Lakini ukikaza, hazina ikiwepo huikosi.

*Wenzako.* Ukishapita vitabu vya kati, unaweza kuzungumza na yeyote bila kuziba masikio.

*Inamfaa* msomaji anayependa ulimwengu wenyewe kuliko matukio: desturi za watu, vyakula, mavazi, historia ya falme zilizokufa. Pia anayejua mfululizo umekwisha na amesikia kwa watu anaowaamini kwamba unainuka tena. Wa Jordan unainuka: kitabu cha 11, cha mwaka 2005, mwendo umerudi na nyuzi nyingi zinafungwa. Wahenga walisema umekula ng'ombe mzima, usishindwe na mkia, na aliyemaliza vitabu kumi kati ya 14 kweli amebakiza mkia. Msemo huo usimwambie mtu aliye kitabu cha pili. Huyo bado yuko kwenye pembe.

Kuruka

Dada yangu alipofika cha 8 aliniambia, "Mimi sina miezi mitano ya kukaa na kitabu kimoja." Ana watoto wawili na duka. Akafanya hivi: katika vitabu vya 8, 9 na 10 alisoma kikamilifu sura za Rand, Mat na Egwene, na zilizobaki akazisomea muhtasari sura kwa sura. Mihtasari ya namna hiyo ipo kwa mifululizo yote mikubwa, imeandikwa na mashabiki kwa uangalifu mkubwa.

*Muda na fedha.* Alimaliza kwa wiki tatu nilichokifanya karibu mwaka. Na muhtasari hauuzwi.

*Kumbukumbu.* Hapa aliniacha mbali. Muhtasari hukupa majina na mambo yakiwa yamepangwa, na mpaka leo nikisahau mwanamke fulani ni wa upande upi, namuuliza yeye.

*Uzito wa mwisho.* Inategemea uliruka nini, na tatizo ni kwamba wakati wa kuruka hujui. Dada aliruka sura za Perrin. Alipofika kitabu cha 13, penye tukio kubwa la Perrin na nyundo, tukio ambalo mimi lilinitoa machozi, aliniuliza kwa nini watu wanalisifu sana. Muhtasari ulikuwa umemwambia kwamba shoka lilitupwa. Alijua. Hakuwa amelibeba. Kwa upande mwingine, ule mvutano mrefu wa kiti cha enzi aliouruka haujampunguzia chochote, na nilipomuuliza kuhusu vita vya mwisho, furaha yake ilikuwa sawa na yangu.

Kwa Martin kuna namna nyingine iliyo karibu na hii. Kwa sababu kitabu cha nne na cha tano kwa sehemu kubwa vinatokea wakati mmoja, wasomaji walitengeneza mpangilio wa kuzisoma sura zake kwa kupokezana, moja ya huku, moja ya kule, kama kitabu kimoja kikubwa. Huruki neno, lakini wale uliowakosa wanarudi mapema. Nimejaribu katika kurudia, na mwendo unabadilika kabisa. Kwa anayesoma mara ya kwanza ningemshauri afuate mpangilio wa mwandishi kwanza, kwa kuwa mpangilio huo wa mashabiki humwonyesha mambo ambayo mwandishi alitaka ayagundue baadaye.

*Wenzako.* Unaweza kukaa barazani na waliosoma vyote. Tahadhari ni moja: usisome muhtasari wa kitabu ambacho hujakifikia. Jicho huteleza.

*Inamfaa* mtu anayefuata wahusika wawili watatu na asiyejali wengine, au mwenye muda mchache lakini anataka sana kufika mwisho. Usitegemee tamthilia ikuvushe mahali pa kitabu: ile ya The Wheel of Time ilianza 2021, ikasitishwa 2025 baada ya misimu mitatu, kabla haijafika kwenye vitabu hivi vya kati.

Kungoja

Kila aliyesoma hadithi za magazeti au anayefuata simulizi za simu analijua neno "itaendelea". Kungoja ni kuliheshimu neno hilo: unafunga kitabu mahali ulipo, unasema nitarudi mfululizo ukikamilika.

*Muda na fedha.* Leo haikugharimu chochote. Kesho itakugharimu kusoma upya, na vitabu vitano vya Martin ni zaidi ya kurasa 4,000.

*Kumbukumbu.* Hapa ndipo inapoumia zaidi. Nimengoja cha sita tangu 2011, na nikijaribu kukumbuka nani alibaki ufukwe upi na meli ngapi, naona ukungu. Ninachoshauri ni kuandika. Siku ya kufunga kitabu, andika ukurasa mmoja kwa mkono wako: nani yuko wapi, anataka nini, na wewe unadhani nini kitatokea. Mimi ninao, umekunjwa ndani ya jalada la kitabu cha tano, na ninapousoma narudi nilipokuwa kwa haraka kuliko muhtasari wowote wa mtu mwingine, maana ndani yake mna wasiwasi wangu mwenyewe.

*Uzito wa mwisho.* Ukija, utakuja wote kwa mkupuo, bila kukatika. Waliongojea The Dark Tower ya Stephen King walianza na kitabu cha 1982; mwandishi akagongwa na gari Juni 1999 akanusurika, na vitabu vitatu vya mwisho vikatoka 2003 na 2004. Waliongoja walipata.

Lakini kungoja hakuna dhamana. Robert Jordan alifariki Septemba 2007 kwa ugonjwa wa moyo, hadithi haijaisha. Alijua anaumwa, akaacha maelezo na sehemu alizokwisha kuziandika, pamoja na tukio la kufungia. Mkewe, Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake miaka yote, alimchagua Brandon Sanderson aimalizie. Kilichokusudiwa kuwa kitabu kimoja kikawa vitatu, 2009, 2010 na 2013. Mwendo ni wa kasi, sauti si ileile. Mat hasa, mwanzoni, anaongea kama ndugu yake badala ya yeye mwenyewe. Na bado nashukuru. Mfululizo huu ulipata mtu wa kuupokea kijiti kwa sababu mwandishi alijiandaa na mhariri alikuwepo. Si kila hadithi ina bahati hiyo.

*Wenzako.* Kwa anayengoja hapa ni pagumu kuliko kote. Tamthilia ya Game of Thrones, iliyotokana na vitabu hivi vya Martin, ilianza 2011, ikavipita vitabu, ikamaliza 2019. Tuliokuwa tukingoja karatasi tulisikia mwisho wake kwenye vijiwe, kwenye magari, kwa wafanyakazi wenzetu.

*Inamfaa* anayechukia kusoma vipande vipande na mwenye mifululizo mingine ya kumshika mkono. Haimfai mtu ambaye kungoja kunamgeuza kuwa mwenye hasira kwa mwandishi. Nimewasoma watu wanaomhesabia mwandishi miaka na afya yake kama wanaomdai kodi ya nyumba. Ukijiona unaelekea huko, njia inayofuata ni ya heshima zaidi, kwako na kwake.

Kuacha

Kuacha nako ni uamuzi wa msomaji, na nasikitika unavyozungumzwa kama kushindwa.

*Muda na fedha.* Unarudishiwa vyote. Mfululizo niliouacha, ambao sitautaja, ulikuwa umefika kitabu cha tano na mimi nikawa nasoma kwa sababu tu nilishasoma vinne. Nilimpa mtoto wa mjomba. Mwezi ule nilisoma riwaya tatu fupi na nikakumbuka kusoma kunavyokuwa.

*Kumbukumbu.* Iliyobaki ni ile nzuri. Vitabu viwili vya kwanza vya mfululizo ule bado navipenda, na sijui kama ningevipenda hivyo ningeburuzwa hadi cha nane.

*Uzito wa mwisho.* Unaupoteza, isipokuwa ukichagua vizuri mahali pa kushukia. Mfano bora ninaoujua ni Earthsea ya Ursula K. Le Guin. Vitabu vitatu vya kwanza vilikamilika mwaka 1972, na aliyeishia hapo alikuwa na hadithi nzima mkononi. Cha nne kilikuja 1990, na ni kitabu kikubwa kwa namna yake, lakini hakuna aliyekuwa akining'inia. Jordan naye, kitabu cha kwanza kina safari yenye mwanzo na kilele. Mtu anaweza kushuka pale akatosheka. Martin hana kituo kama hicho. Kila kitabu chake kinakuacha mlango wazi.

*Wenzako.* Ukishaacha, omba usimuliwe. Mtoto wa mjomba alinihadithia mwisho wa mfululizo ule jioni moja, kwa mikono na macho, na nilifurahia kuliko ambavyo ningefurahia kuusoma.

*Inamfaa* yule ambaye akijiuliza "nani hapa nataka kujua yatakayompata?" hapati jina hata moja.

Kwa hali yako

Kama umekwama kwa Jordan kati ya kitabu cha 8 na cha 10 na bado unampenda hata mhusika mmoja, kaza kwa sauti au ruka kama dada yangu. Ila usimruke Perrin katika cha 10. Zisome zile sura zake, hasa za mwishoni. Baada ya hapo cha 11 kitakushika chenyewe.

Kama umemaliza vitano vya Martin, una kungoja na kuacha tu, na hulazimiki kutangaza umechagua ipi. Andika ule ukurasa mmoja kwanza. Kama uko katika cha nne na unamtafuta Tyrion humwoni, jua kwamba hayumo humo, yuko katika cha tano, na wewe tofauti na sisi huna miaka ya kungoja kati ya viwili hivyo.

Kama unasoma na mwenzio, mume, mke, dada au rafiki, msilazimishane njia. Mimi na dada tulimaliza mfululizo mmoja kwa njia mbili, na mazungumzo yetu bora yametoka kwenye yale aliyoyaruka yeye nikamsimulia, na niliyoyasahau mimi akanikumbusha.

Mwenye mtihani, mtoto mchanga au msiba nyumbani asiamue lolote sasa. Kitabu kinachochosha mtu aliyechoka hakijapimwa kwa haki. Kiweke, weka alama, rudi baada ya miezi.

Na kama hujaanza kabisa, ila umesikia sifa na lawama hizi zote, chukua kitabu cha kwanza ukisome kama hakuna kingine. Ukikifunga ukajikuta usiku uleule unauliza watu nani ana cha pili, basi cha kumi kiko njiani kinakusubiri, na cha 11 kiko nyuma yake.